Uzito, Mazoezi na Moyo wa Kijana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wazazi, walimu na vijana wenyewe huniuliza mara nyingi zaidi ninapozunguka katika shule za sekondari kupima urefu, uzito na presha za wanafunzi. Nimeyajibu kwa ajili ya vijana wa kati ya miaka 10 na 19 na kwa wale wanaowalea. Kijana mwenye maradhi yanayojulikana afuate kwanza maelekezo ya daktari wake.

Ugonjwa wa moyo si wa watu wazima? Kijana wa miaka 14 anahusikaje nao?

Dalili ndizo za watu wazima. Ugonjwa wenyewe huanza mapema zaidi. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za askari 300 waliouawa katika vita vya Korea, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana waliopimwa na kukubaliwa jeshini, lakini zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayoulisha moyo.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1973, Daktari Gerald Berenson alianza kuwafuatilia watoto wa mji wa Bogalusa katika jimbo la Louisiana, akiwapima uzito, presha na lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta ya damu) miaka kadhaa mfululizo. Baadhi yao walifariki wakiwa bado wadogo, wengi kwa ajali, na mishipa yao ilipochunguzwa ilionekana kwamba utando wa mafuta ulikuwa umetanda zaidi kwa wale ambao vipimo vyao vilikuwa juu walipokuwa hai, na zaidi sana pale mambo hayo yalipokutana kwa mtu mmoja. Kijana wa kidato cha pili anayekimbilia daladala bila kuhema anaweza kuwa na mishipa iliyokwisha kuanza safari hiyo, nasi hatuna namna ya kuijua kwa kumtazama tu.

Watu husema mwanangu "ana afya". Nitajuaje kama uzito wake umezidi?

Neno hilo ndilo linalotupoteza. Kwetu mtu akinenepa tunasema ana afya, amenawiri, mambo yake yamemnyookea. Akipungua tunamuuliza kama anaumwa. Mazoea hayo yalikuwa na sababu, kwa kuwa wazee wetu waliona njaa, surua na kifua kikuu vikiwakondesha watoto kabla ya kuwachukua, na mtoto aliyejaa alikuwa mtoto aliyenusurika. Leo, hata hivyo, unene hauwezi kuchukuliwa peke yake kuwa ushahidi wa afya, wala wembamba kuwa ushahidi wa maradhi, na mengi yaliyo katika majibu yanayofuata yanatokana na jambo hilo moja.

Jicho la mzazi halitoshi, kwa sababu humzoea mtoto anayemwona kila siku. Kipimo cha kuanzia ni uwiano wa uzito na urefu, ambao wahudumu wa afya wengi huuita BMI: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti wa miaka 14 mwenye kilo 64 na urefu wa mita 1.60 anapata 25. Kwa mtu mzima, 25 ndipo uzito uliozidi unapoanzia. Lakini binti huyu amekwisha kuupita mpaka wake, kwa kuwa vijana hawapimwi kwa mizani ya watu wazima, bali hulinganishwa na wenzao wa umri na jinsi ileile kwa kutumia chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, zinazohusu umri wa miaka 5 hadi 19. Wazazi wengi hukosea hapa: huingiza namba za mtoto kwenye programu ya simu iliyotengenezwa kwa watu wazima, wakaambiwa yuko sawa, wakaridhika.

Kipimo cha pili hakihitaji chati. Chukua futikamba ya fundi cherehani, pima kiuno cha kijana akiwa amesimama na ametoa pumzi kwa kawaida, kisha linganisha na urefu wake. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Kwa binti wetu wa sentimita 160, mpaka ni sentimita 80, na akiupita ni ishara kwamba mafuta yanakusanyika tumboni, mahali ambapo huudhuru moyo zaidi kuliko yanapokaa mapajani au nyongani.

Naomba jambo moja kwa walimu: kipimo kifanywe faraghani. Nimeshuhudia darasa likipangwa foleni mbele ya mizani na kilo za kila mmoja zikisomwa kwa sauti ili karani aandike. Binti mmoja aliondoka kwenye foleni zilipobaki zamu tatu, na siku ile hatukumpima yeye wala presha yake, ingawa ndiye niliyetaka kumwona kuliko wote.

Uzito ukizidi, moyo unafanywa nini hasa?

Mwili mkubwa unahitaji damu nyingi zaidi, kwa hiyo moyo hulazimika kusukuma zaidi kwa kila pigo, mchana na usiku. Huo ndio mzigo ulio wazi, na si mbaya kuliko yote. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo hayakai kimya kama akiba ya ghalani. Humwaga asidi za mafuta na kemikali za uvimbe ndani ya damu, misuli na ini vikaanza kuipuuza insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), kongosho ikalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na figo nazo zikashikilia chumvi ambayo zingeitoa. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na presha hupanda. Wakati huohuo lehemu nzuri hushuka na mafuta mengine ya damu huongezeka. Moyo unaosukuma dhidi ya presha ya juu hufanya kama msuli wowote unaonyanyua vyuma: hunenepa. Ukuta wa chumba chake cha kushoto unapozidi unene hukakamaa, na ukikakamaa haujai damu vizuri unapolegea. Haya yote yamepimwa kwa vijana ambao hawajafikisha miaka 18.

Kijana mnene anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini apelekwe kwa daktari mapema, kwa sababu kila anapokatika pumzi oksijeni hushuka na presha hupanda usiku kucha, na asubuhi anasinzia darasani akadhaniwa mvivu.

Mwanangu ni mwembamba, lakini hatoki: ni shule, masomo ya ziada na simu. Si yuko salama?

Hayuko salama kiasi unachodhani. Wembamba humwondolea baadhi ya hatari nilizozitaja, lakini haumpi moyo wenye mazoezi. Mishipa ya damu ina utando mwembamba wa ndani unaotoa nitriki oksaidi, kemikali inayoilegeza mishipa na kuifanya ipanuke, na utando huo huchochewa na damu inayopita kwa kasi. Kijana anayekaa saa 10 kwa siku, awe na kilo 45 au 85, huunyima utando huo kichocheo chake.

Mfano mzuri uko jirani. Watafiti waliolinganisha vijana wa Kinandi wa vijijini na wenzao wa mjini, katika eneo lilelile la magharibi mwa Kenya ambalo limetoa wakimbiaji wengi mashuhuri, waliona kwamba wa vijijini walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni wakiwa mazoezini. Kabila ni lile lile na milima ni ile ile. Kilichotofautiana zaidi ni maisha ya kila siku: umbali wa kwenda shule kwa miguu, ng'ombe, kuni, maji na shamba. Mzazi anayehamia mjini ili mtoto apate shule nzuri anafanya jambo jema, ila ajue kwamba katika uhamisho huo kuna kitu ambacho mtoto alikuwa akipewa bure na sasa lazima kitafutwe kwa makusudi.

Alizaliwa na uzito mdogo, ndiyo maana tulimlisha sana. Tulikosea?

Mtoto aliyezaliwa mdogo anahitaji lishe bora, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini ni kweli kwamba kundi hili linahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1989 Profesa David Barker na wenzake, wakitumia kumbukumbu za zamani za wakunga na wauguzi wa Hertfordshire nchini Uingereza, walionyesha kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo walipokuwa watu wazima. Mwili uliojengwa kwa uhaba tumboni hupata shida unapokutana na wingi baadaye. Kwa hiyo mtoto wa namna hii apimwe presha na kiuno mapema, na baada ya utoto wa mwanzo asinenepeshwe kwa makusudi.

Nina miaka 16 na ni mnene. Nimefanya mazoezi miezi miwili na mizani haijashuka. Nimepoteza muda wangu?

Hujapoteza hata siku moja, na swali lako ni muhimu kuliko yote yaliyo hapa. Mwaka 2004 watafiti wa Australia ya Magharibi walichapisha matokeo ya vijana 19 wanene waliofanya mazoezi ya mzunguko kwa wiki 8, wakichanganya baiskeli za mazoezi na kunyanyua uzito. Mwanzoni mishipa ya mikono yao haikuweza kupanuka kama ya vijana wenye uzito wa kawaida. Mwishoni mwa wiki hizo uzito wao kwenye mizani haukuwa umebadilika, lakini mishipa yao ilikuwa ikipanuka kama ya wenzao, na mafuta ya tumboni yalikuwa yamepungua. Mizani ilikuwa ikitoa namba ile ile ya mwanzo wakati mishipa imekwisha kupona.

Sababu zake zinaeleweka. Misuli uliyoiongeza ina uzito. Nawe bado unarefuka, kwa hiyo kubaki kwenye kilo zilezile huku urefu ukiongezeka tayari ni kupungua. Na misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu bila kuitegemea sana insulini, faida inayoendelea kwa saa nyingi baada ya kuoga na kukaa.

Kama unahitaji namba ya kukutia moyo, achana na mizani uhesabu mapigo. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Moyo unaopiga mara 80 kwa dakika hupiga mara 115,200 kwa siku. Ukishuka hadi 70 hupiga mara 100,800. Ni mapigo 14,400 ambayo umeupumzisha kila siku, kwa sababu sasa kila pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi. Andika namba hizo mara moja kwa wiki nyuma ya daftari. Utaziona zikishuka muda mrefu kabla suruali haijalegea.

Kijana anahitaji mazoezi kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema kwamba mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 afanye, kwa wastani, angalau dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani hadi nzito, na kwamba angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli nzito pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Dakika hizo hazihitaji kufuatana. Kutembea haraka dakika 20 kwenda shule na 20 kurudi, kisha dakika 20 za mpira jioni, kumetimia.

Uzito wa zoezi hupimwa kwa mdomo. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko kwenye kiwango cha wastani. Anayetoa maneno mawili matatu kisha akatafuta pumzi yuko kwenye kiwango kizito. Waliosoma Tanzania watakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, shule nzima ikikimbia mistari miwili barabarani, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Ule wimbo ulikuwa na kazi isiyojulikana na wengi: ulitulazimisha kukimbia kwa kasi inayomwachia mtu pumzi ya kuitikia, nao ulimzuia mwenye mbio asiwaache nyuma wenye miili mizito. Sijaona mpango wa mazoezi ya vijana ulio rahisi kuliko ule, na nasikitika kila ninapofika kwenye shule ambayo imeuacha ili kipindi cha kwanza kianze mapema.

Rede, kombolela, kuruka kamba, netiboli, ngoma, kuogelea, kuchota maji kisimani na kulima vyote vinahesabika. Kucheza mpira kwenye simu hakuhesabiki. Kijana aliyekaa muda mrefu aanze kwa dakika 10 au 15 na kuongeza kidogo kidogo kila wiki; mwenye mwili mzito magoti yake yatamshukuru akianza kwa kutembea, baiskeli au kuogelea badala ya kukimbia kwenye lami.

Kwa nini wasichana huacha michezo wakishavunja ungo, na je, hedhi inazuia mazoezi?

Hedhi haizuii mazoezi, na wasichana wengi huona maumivu ya tumbo yakipungua wanapojinyoosha na kutembea. Asiyejisikia vizuri siku ya kwanza apumzike, lakini hakuna madhara ya moyo wala ya uzazi yanayotokana na kukimbia akiwa katika siku zake.

Takwimu za nchi 146 zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango cha dakika 60. Wavulana walikuwa asilimia 78 na wasichana asilimia 85. Ukiwasikiliza wasichana wenyewe, sababu zao si uvivu. Wanataja uwanja ulio wazi kwa wapita njia, wavulana wanaopiga miluzi, sketi isiyofaa kukimbilia, choo kisicho na maji, na kazi za nyumbani zinazowasubiri saa ambayo kaka zao wako uwanjani. Katika miji ya pwani nimeona shule zilizotatua sehemu kubwa ya tatizo hili kwa kuruhusu suruali pana na hijabu fupi ya michezo, na kwa kuwapa wasichana uwanja peke yao siku mbili kwa wiki chini ya mwalimu wa kike. Mahudhurio yalibadilika bila hotuba yoyote. Mama mwenye binti wa umri huu anaweza pia kutembea naye jioni. Wawili hao wanahitaji mwendo huo sawasawa.

Presha ya kijana inatakiwa iwe ngapi?

Kuanzia umri wa miaka 13, presha iliyo chini ya 120 kwa 80 ni ya kawaida. Namba ya juu ikiwa kati ya 120 na 129, huku ya chini ikiwa haijafika 80, imeanza kupanda. Namba ya juu ikifika 130 au zaidi, au ya chini ikifika 80 au zaidi, katika siku tatu tofauti, kijana huyo ana shinikizo la juu la damu na anahitaji daktari. Kwa walio chini ya miaka 13 hutumika majedwali ya umri, jinsi na urefu.

Kipimo chenyewe kina mtego. Kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, binti mrefu mwenye mikono minene, ambaye mashine ilimsomea 138 kwa 86. Alikuwa amepanda ngazi mbio, amebana kibofu, na mkanda tuliomfunga ulikuwa ule wa kawaida ambao kwenye mkono wake ulifika kwa shida. Tulimpeleka chooni, tukamkalisha dakika 5 akiwa ameegemea kiti, miguu chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, tukatafuta mkanda mpana. Akasoma 118 kwa 74. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, na kijana anaweza kuandikiwa ugonjwa asio nao. Mzazi ana haki ya kumwomba muuguzi, kwa heshima, abadilishe mkanda.

Je, nimpunguzie chakula?

Usimpunguzie kama unavyompunguzia mtu mzima. Mwili wake unajenga mifupa, misuli na damu, na kijana anayejishindisha njaa hupoteza misuli, moyo wenyewe ukiwemo, kwa kuwa nao ni msuli. Msichana anayekula kidogo sana huku akifanya mazoezi mengi anaweza kukatika hedhi, na mifupa yake ikadhoofika katika miaka ileile ambayo ilipaswa kuimarika. Mtoto anayekataa kula, anayejitapisha au anayejiona mnene hali amekonda anaumwa, na mapigo yake yanaweza kwenda taratibu kwa kiwango cha hatari. Huyo apelekwe hospitali, asikaripiwe.

Kinachofaa ni kubadilisha baadhi ya vitu kwenye meza ya nyumba nzima, bila kumtengea yeye sahani ya adhabu. Anza na vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 hadi 40 za sukari, yaani vijiko vya chai tisa hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana isizidi asilimia 5. Juisi ya dukani na chai yenye vijiko vinne kwa kikombe zimo kwenye hesabu hiyohiyo. Kisha tazama mafuta na chumvi. Sahani ya chipsi mayai iliyokaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa tangu asubuhi, ikanyunyiziwa chumvi kisha tomato ya chupa, ikiwa chakula cha kila siku cha mwanafunzi anayetoka masomo ya ziada saa 12 jioni, inafuta sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya uwanjani. Maharage, dagaa, samaki wa kuchoma, mchicha, matembele, mihogo na viazi vya kuchemsha, ndizi na machungwa vinapatikana kwa bei ya sahani hiyo au chini yake. Ugali si adui wa mtu. Kipimo chake kilingane na kazi ya siku.

Na tafadhali, majina ya bonge, tipwatipwa na mengine ya namna hiyo yasitumike hata kwa utani. Kijana anayeaibishwa kwa mwili wake hujificha, na kujificha kwa kawaida huwa ni ndani ya nyumba, karibu na chakula.

Nasikia vijana hufia uwanjani. Mazoezi hayawezi kuua?

Hutokea mara chache, na karibu daima kuna kasoro ya moyo iliyokuwapo kabla. Mchezaji wa Cameroon Marc-Vivien Foé alianguka katika uwanja wa Gerland mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, na uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaounenepesha msuli wa moyo. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka tarehe 17 Machi 2012 jijini London akiichezea Bolton Wanderers akiwa na miaka 23. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, naye akapona, kwa sababu waliokuwapo walianza kumkandamiza kifua papo hapo na hawakuacha.

Kwa hiyo zijulikane ishara za kumsimamisha kijana mazoezi hadi aonwe na daktari: kuzimia katikati ya mbio, maumivu ya kifua yanayokuja na zoezi, moyo kwenda mbio au kurukaruka bila sababu, kuhema kupita wenzake wa rika na mazoezi yaleyale, au ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Anayezimia akiwa anakimbia ni tofauti na anayezimia akiwa amesimama juani kwenye gwaride. Wa kwanza asiambiwe kwamba ni njaa. Mwenye homa asicheze, kwa kuwa virusi vya mafua vinaweza kuufikia msuli wa moyo.

Kila shule iwe na watu wawili au watatu wanaojua kukandamiza kifua: katikati ya kifua, kwa viganja viwili vilivyopandana, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike.

Mwanangu ana ugonjwa wa moyo, au seli mundu, au pumu. Akae tu?

Mara nyingi hapana. Swali la kumuuliza daktari si kama anaruhusiwa, bali ni zoezi gani na kwa kiasi gani. Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni na apashe mwili taratibu. Mwenye seli mundu anywe maji mengi, apumzike anapochoka, asishindanishwe kwa lazima na asilowe kwenye baridi. Katika ukanda wetu kuna pia vijana wengi ambao valvu za mioyo yao, yaani milango inayopitisha damu, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo ya bakteria yasiyotibiwa; hao uzito na soda havihusiki na chanzo cha ugonjwa wao, na wengi huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4. Ndiyo maana mafindofindo ya mtoto wa shule yasiachiwe maji ya chumvi peke yake. Wagonjwa wa valvu huelekezwa na wataalamu wa moyo, kama wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Mwezi wa Ramadhani tufanyeje?

Mazoezi mepesi karibu na saa ya kufuturu, au ya nguvu zaidi baada ya futari kutulia, yanatosha. Maji yanywewe kwa vipindi kati ya futari na daku. Kinachowaongezea wengi uzito mwezi huo si saumu. Ni sambusa, kalimati na sharubati za kila usiku, pamoja na usingizi unaosogea hadi mchana.

Usingizi, shisha na vinywaji vya kuongeza nguvu vinahusiana na moyo?

Vyote vitatu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akipunjwa, hamu ya vyakula vitamu huongezeka na presha hupanda. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini na sukari nyingi na havifai kwa umri huu, hasa kabla ya mechi. Moshi wa shisha una nikotini na kaboni monoksaidi kama ule wa sigara, hata ukipitishwa kwenye maji yenye harufu ya matunda.

Ameshanenepa tangu utotoni. Tumechelewa?

Hapana. Mwaka 2011 watafiti waliunganisha taarifa za watu 6,328 waliofuatiliwa tangu utoto nchini Marekani, Finland na Australia. Waliokuwa wanene utotoni na wakabaki hivyo ukubwani walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari, shinikizo la damu na mishipa ya shingo yenye kuta zilizonenepa. Lakini waliokuwa na uzito uliozidi utotoni kisha wakafika utu uzima bila unene, hatari yao ilikaribiana na ya wale ambao hawakuwahi kunenepa.

Baada ya kipimo cha kwanza, nimpime tena lini?

Kila baada ya miezi 3, si kila asubuhi. Tumia futikamba ileile, ukuta uleule na saa ileile, viatu vikiwa nje. Andika urefu, kiuno na mapigo ya asubuhi kwa mpangilio huo, na uzito uwe wa mwisho kwenye orodha. Kalamu ashike yeye mwenyewe.